Wiki ya Sita

Wiki ya sita ndiyo inayonivunjia darasa.
Si ya kwanza, wakati madaftari yananukia dukani,
wala si ya mwisho: aliyefika huko atamaliza hata kwa kutambaa.
Ni ya sita. Septemba, Punta Arenas,
upepo umeanza kubishana na mabati ya Barrio Prat,
na manispaa imefunga kamba kandokando ya barabara
ili mpita njia ashike, asipeperuke.

Nafundisha hesabu za mafundi umeme,
saa moja usiku mpaka saa nne.
Nilisajili ishirini na wanane.
Leo nimehesabu vichwa kumi na tisa,
nikarudia,
kana kwamba hesabu ikirudiwa huzaa watu.

Miaka yangu ya mwanzo nilitembea na wino mwekundu.
Asiyekuja mara tatu nilimpitishia mstari kwa rula,
mstari ulionyooka, nami nikajiona mwadilifu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nilizoea kusema.
Sikuwahi kuuliza mvungu wenyewe una kimo gani,
wala nani keshainama tangu alfajiri
akipasua salmoni kiwandani
hadi mgongo ukasahau kunyooka.

Aliyenifumbua macho ni Yasna Barrientos.
Alikaa karibu na hita, hakuuliza swali,
alama zake hamsini na kitu, za kutosha kusahaulika.
Kiti kilipobaki wazi mara ya pili niliinua simu
bila kujua nitasema nini. Nikasema:
"Jana tulifika kwenye saketi sambamba.
Nimekuwekea karatasi yako."
Basi. Sikumuuliza alikuwa wapi.
Nyuma yake mtoto alikohoa.
"Profe," akasema, "nilidhani hulijui jina langu."

Nililijua. Nilikuwa nimeshaitafuta rula.

Siku hizi jaribio huanza saa moja na nusu,
maana basi la kiwandani lina saa zake.
Napiga simu wiki ya pili, kabla aibu haijaota mizizi.
Kosa likiandikwa ubaoni silifuti haraka,
nalihoji: ulikuwa unaelekea wapi, ndugu yangu?
Mara nyingi lilikuwa njiani kufika.
Don Mirko, miaka hamsini na minane, kastaafishwa bandarini,
nimemketisha na Cristóbal wa kumi na tisa.
Mmoja anajua koleo, mwingine anajua sehemu;
sasa mmoja asipoonekana, mwenzake ananiuliza
kabla sijafungua daftari.
Na mtoto wa Yasna hulala juu ya koti langu,
chini ya meza ya mwalimu, akikoroma kama transfoma.

Ofisini wamenipa fomu.
Sababu ya kuacha masomo, weka alama kwenye kisanduku:
kazi, fedha, afya, nyinginezo.
Nimekitafuta kisanduku cha
"hakuna aliyegundua."
Nimegeuza hata upande wa pili.

Msinipe sifa, lakini. Nahuel Ojeda nilimpigia mara sita.
Namba yake sasa ni ya bibi mmoja wa Puerto Natales
anayeuza kuni, asiyemjua Nahuel yeyote.
Mara ya sita alinitangulia yeye kuuliza:
"Bado hujampata, mwalimu?"
Bado, mama.
"Basi piga tena wiki ijayo," akasema,
"huenda nikasikia habari zake."

Usiku tunatoka pamoja, wote kumi na tisa na mimi,
tunashika kamba hadi kituoni.
Kamba haimvuti mtu, haimkemei.
Ipo tu, imekazwa, usawa wa mkono.

Lakini hilo ni baadaye. Sasa hivi ni saa mbili kasoro,
mlango unapigwa na upepo, nadhani ni upepo,
halafu unafunguka: kijana, nywele zimesimama,
anapumua kama aliyekimbia kutoka mwezi uliopita,
anatafuta neno la kuombea msamaha.

Ukurasa wa thelathini na moja, namwambia.
Hita iko pale.